Somo la Ng'ombe wa Maziwa: Tumbo Lake na Chakula Chake

Leo twapenda kuwaletea somo juu ya ng'ombe wa maziwa, wala si juu ya josho lake au banda lake, bali juu ya tumbo lake. Huenda mtu akasema, "Tumbo la ng'ombe nalijua, baba yangu alifuga, na babu yangu kadhalika." Ni kweli. Lakini kumwona ng'ombe akila ni jambo moja, na kujua chakula kile chaenda wapi na chageuka kuwa nini ni jambo jingine. Hasara nyingi za wafugaji zatoka katika kutojua hilo la pili.

Hasara yenyewe ni kama hii. Mtu amepata mtamba wa maziwa kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, yaani ndama jike wa kwanza atapewa jirani anayengoja zamu yake. Amejenga banda, amechonga kihori, na kila siku watoto wake wanaleta mizigo ya majani. Kihori hakikauki, na tumbo la ng'ombe limejaa kama ngoma. Walakini mbavu zake zahesabika, maziwa ni lita 2 tu kwa siku, na miezi yapita bila kuonyesha joto la uzazi. Deni halilipiki, jirani angoja bure, na mtoto mdogo wa nyumbani hapati kikombe chake. Hapo wengine husema ng'ombe ameonewa kijicho, na wengine husema mbegu yake ni mbaya. Mara nyingi si hili wala si lile. Tumbo limejaa, lakini wenyeji wa tumbo hilo wana njaa.

Ni wenyeji gani hao? Ndilo somo letu.

NG'OMBE WA KALE NA NG'OMBE WA SASA

Nchi hii si ngeni kwa ng'ombe. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika, alikuta ufalme ambao heshima yake na utajiri wake vilikuwa ng'ombe; na katika vyombo vya ufalme wa Karagwe zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, zenye pembe ndefu. Ng'ombe hao wa pembe ndefu, ambao leo twawaita Ankole, hutembea siku nzima. Huonja jani hili, huliacha lile, hupanda kilimani wakati wa mvua na kushuka mabondeni wakati wa kiangazi. Maziwa yao ni machache, lakini kazi ya kuchagua chakula huifanya wao wenyewe, na mchungaji mwenye akili huwaongoza tu.

Baadaye waliletwa ng'ombe wa maziwa, hasa Friesian na machotara wake. Shamba la Kikulula wilayani Karagwe lilizalisha mitamba ya namna hiyo wakagawiwa wafugaji wadogo, kwa kazi ya Mradi wa Maendeleo ya Mifugo Kagera uliosaidiwa na serikali ya Uholanzi. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, maana wilaya hizi mbili zilitenganishwa mwaka 2012. Ng'ombe hawa wengi hufugwa ndani. Faida zake twazijua: kupe ni wachache, mbolea yakusanyika, na mazao ya jirani hayaliwi. Lakini ng'ombe aliyefungwa hawezi kuchagua. Akiletewa chakula kibaya atakula kibaya, maana hana kingine. Basi ile akili ya kuchagua aliyokuwa nayo ng'ombe wa machungani hapana budi sasa iwe kichwani mwa mwenye banda.

VYUMBA VINNE

Mtu, nguruwe na mbwa wana tumbo la chumba kimoja. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana la vyumba vinne, na kila chumba kina kazi yake.

Chumba cha kwanza kwaitwa rumeni. Ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho chajaza ubavu wa kushoto. Katika ng'ombe mkubwa chaweza kuchukua lita 100 na kuzidi, yaani madebe 5 na zaidi. Ngozi yake ya ndani ina vinyweleo vinene kama taulo.

Chumba cha pili ni retikulamu, chenye ngozi mfano wa masega ya nyuki. Kimeungana na kile cha kwanza, wala hapana mlango kati yao. Humu ndimo hukaa vitu vizito alivyomeza ng'ombe kwa bahati mbaya, kama misumari na vipande vya waya. Na kwa kuwa moyo uko karibu sana mbele yake, waya mmoja waweza kutoboa na kumwua ng'ombe. Basi wajenzi wa mabanda na waokote misumari yao.

Chumba cha tatu ni omasamu, chenye kurasa nyingi kama kitabu. Kazi yake ni kufyonza maji na kuzuia majani yasiyosagika vema.

Chumba cha nne ni abomasamu. Hiki ndicho tumbo hasa, lifananalo na la kwetu sisi watu, chenye maji makali ya kuyeyusha chakula. Kutoka hapo chakula chaingia katika utumbo mdogo.

Mtu akiisha kusikia haya atauliza: Ikiwa tumbo hasa ni lile la nne, ya nini vyumba vitatu vya mbele? Jibu ni hili: chakula cha ng'ombe ni majani, na majani yamejengwa kwa nyuzinyuzi ngumu. Hapana mnyama mwenye maziwa, mkubwa au mdogo, ambaye mwili wake waweza kutengeneza dawa ya kuzivunja nyuzi hizo. Hata ng'ombe mwenyewe hawezi. Wawezao ni wengine, naye amewajengea nyumba.

WENYEJI WA RUMENI

Wenyeji hao ni vijidudu. Usiogope jina hilo ukadhani ni maradhi au minyoo. Hawa ni rafiki, na ni wadogo hata jicho haliwaoni pasipo darubini. Mwaka 1843 wataalamu wawili huko Ufaransa, Gruby na Delafond, walitazama maji ya tumbo la mnyama acheuaye kwa darubini wakaona viumbe vinaogelea. Tangu wakati huo elimu imeendelea, na leo twajua kwamba katika kila mililita ya maji ya rumeni mna bakteria ipatayo milioni elfu kumi. Kwa hiyo wenyeji wa tumbo la ng'ombe mmoja ni wengi kupita watu wote wa dunia, mara nyingi zisizohesabika.

Nyumba yao ni nzuri. Ina joto la nyuzi 39, ina giza, haina hewa, ina maji, na chakula huletewa kila siku. Wao hulivamia jani, hulivunja, na kulichachusha. Kila mtu wa Karagwe aliyeona ndizi zikigeuka kuwa rubisi anajua kuchacha ni nini. Rumeni ni kama mtumbwi wa rubisi usiokauka kamwe, isipokuwa badala ya pombe zatoka asidi laini, jamii ya siki. Asidi hizo zapenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu. Katika nguvu zote apatazo ng'ombe, karibu sehemu 7 kwa 10 zatoka katika asidi hizo. Moja yao hutumika katika kutengeneza mafuta ya maziwa. Nyingine huenda katika ini na kufanywa sukari, na sukari hiyo huingia katika maziwa.

Pamoja na asidi hutoka gesi nyingi. Ng'ombe mzima huitoa kwa kubeua mchana na usiku. Akizuiwa kubeua huvimba ubavu wa kushoto, na asiposaidiwa upesi hufa.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Vijidudu hawa huzaliana kwa haraka, na kila saa wengi wao huchukuliwa na maji kwenda katika chumba cha tatu na cha nne. Huko huyeyushwa, na miili yao huwa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe hula mara mbili: kwanza huwalisha wenyeji wake, kisha huwala wao.

Hapo ndipo ulipo msingi wa somo lote, nasi twaomba msomaji aushike: mfugaji hamlishi ng'ombe kwanza; huwalisha vijidudu, nao ndio wamlishao ng'ombe. Ukitaka kujua kama chakula fulani chafaa, usiulize tu, "Je, atakila?" Uliza, "Je, wenyeji wa rumeni wataweza kukifanyia kazi?"

Mfano mmoja wa kweli wathibitisha neno hili. Mti wa lusina una majani yenye protini nyingi, lakini una sumu ndani yake, na huko Australia ng'ombe walioula kwa wingi walinyonyoka manyoya na kupatwa na uvimbe wa shingo. Mtaalamu Raymond Jones akaona kwamba katika visiwa vya Hawaii mbuzi walikula lusina bila kudhurika. Sababu haikuwa katika miili ya mbuzi hao, bali katika matumbo yao: walikuwa na kijidudu awezaye kuivunja sumu ile. Katika miaka ya 1980 maji ya rumeni yakachukuliwa na kutiwa katika wanyama wa Australia, nao wakaweza kula lusina bila madhara. Ng'ombe walikuwa wale wale, majani yale yale. Kilichobadilika ni wenyeji.

KUCHEUA NA MATE

Ng'ombe akila hatafuni vema. Humeza upesi, kisha akilala hulirudisha tonge kinywani, akalitafuna polepole na kulimeza tena. Huku ndiko kucheua, nako huchukua saa 6 hadi 8, na pengine zaidi, katika siku moja. Asidhani mtu kwamba ng'ombe aliyelala na kucheua ni mvivu. Wakati huo yuko kazini.

Kwa kucheua hupatikana faida mbili. Kwanza, majani husagwa yakawa madogo, vijidudu wakapata mahali pa kuingilia. Pili, mate hutoka kwa wingi. Ng'ombe mkubwa aweza kutoa mate ya lita 100 na kuzidi kwa siku. Mate haya yana magadi ndani yake, na magadi hupoza ukali wa asidi. Pasipo mate, rumeni ingekuwa kali kama siki, na vijidudu wa nyuzi wangekufa.

Basi chakula kisichomfanya ng'ombe acheue ni cha hatari kikiwa peke yake, hata kikiwa kitamu. Pumba na unga hazicheuliwi sana. Majani marefu hucheuliwa. Ndiyo sababu twasema mabingobingo yakatwekatwe vipande vya urefu wa sentimeta 5 hivi ili yasitupwe ovyo, lakini yasipondwe yakawa kama unga.

MAFUNDISHO YA BANDANI

Sasa na tutoke katika tumbo twende kwenye kihori.

1. Majani yakatwe kwa wakati wake. Mabingobingo yakifika urefu wa mita 1 hivi, yaani wiki 6 hadi 8 baada ya kukatwa wakati wa mvua, ndipo yafaapo. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, shina hugeuka kuwa kama mti. Mzigo ni mkubwa, mkataji hufurahi, lakini vijidudu hushindwa. Tena protini hupungua. Majani ambayo kila kilo 100 zake kavu hazina hata kilo 7 za protini huwaacha vijidudu katika udhaifu. Kazi yao hupungua, chakula hukawia tumboni, na ng'ombe hali tena kwa kuwa hapana nafasi. Huyu ndiye yule ng'ombe mwenye tumbo la ngoma na mbavu za kuhesabika.

2. Kipimo kijulikane. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 ahitaji chakula kikavu kilo 12 hivi kwa siku. Lakini mabingobingo mabichi yana maji mengi. Katika kilo 100 chakula kikavu ni kilo 15 hadi 20 tu. Basi ahitaji kilo 60 hadi 80 za majani mabichi kila siku. Mtoto wa shule aletaye mzigo mmoja wa kichwani asubuhi na kwenda zake hajamshibisha ng'ombe huyo.

3. Shina la mgomba ni maji kuliko chakula. Twasema haya kwa kuwa katika vibanja vyetu hapana chakula kilicho karibu kama hicho. Kilo 100 za shina la mgomba zina chakula kikavu kilo 5 au 6 tu, na protini yake ni haba sana. Ukitaka kumpa ng'ombe kilo zake 12 kwa mashina peke yake, utamletea kilo 200 kwa siku, naye hataweza kuzimaliza. Hatusemi shina lisitolewe. Wakati wa kiangazi lafaa sana kwa sababu ya maji yake. Lakini liwe msaidizi wa majani makavu na mikunde, lisiwe peke yake. Maganda ya ndizi na majani ya mgomba ni afadhali kidogo, nayo pia yachanganywe.

4. Vijidudu wapewe protini. Hii yapatikana katika jamii ya mikunde: desmodiamu, kaliandra na lusina, ambazo zaweza kupandwa mipakani na kwenye makinga ya maji bila kupunguza mashamba ya chakula. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, na mabaki ya maharage yasichomwe moto. Lusina, kwa ajili ya sumu tuliyoitaja, isizidi sehemu 3 katika 10 za chakula chote. Majani ya muhogo yaanikwe kwanza hata yanyauke vema, maana mabichi yana sumu iwezayo kuua.

5. Badiliko lolote liwe la polepole. Vijidudu wavunjao nyuzi si wale wapendao wanga. Ukibadili chakula ghafula, waliozoea cha zamani hufa, na wanaofaa kwa kipya hawajawa wengi. Basi chukua wiki 2: leo changanya kipya kidogo, kesho kutwa ongeza, mpaka ufike.

6. Jihadhari na karamu. Tuseme ndizi za kutengenezea rubisi zimeiva, na usiku ng'ombe amekata kamba akazila zote. Au amekuta gunia la mahindi, akala nusu yake. Mwenyewe huenda akacheka, akisema leo ameshiba. Walakini ndani ya rumeni vijidudu wapendao sukari wanazaliana kwa kasi mno na kutoa asidi kali, wengine wanakufa, na maji ya mwili yanavutwa kuingia tumboni. Baada ya saa chache ng'ombe haendi vema, hacheui, aharisha, kisha alala asiamke. Ng'ombe aliyekula hivyo aitiwe mganga wa mifugo usiku ule ule, isingojewe asubuhi.

7. Pumba na mashudu ni nyongeza, si msingi. Majani mazuri kwanza. Kisha, kwa kila lita 2 za maziwa zinazozidi zile ziletwazo na majani peke yake, mpe kilo 1 ya pumba iliyochanganywa na mashudu. Wakati mmoja zisizidi kilo 2 au 3, nazo zigawanywe asubuhi na jioni. Pumba za mahindi peke yake zatia nguvu lakini hazina protini ya kutosha. Mashudu ya alizeti au ya pamba yajaza upungufu huo. Chakula chenye ukungu kitupwe. Na viazi vitamu vilivyooza vizikwe, maana vyadhuru mapafu ya ng'ombe. Viazi vizima na mbegu za parachichi vyaweza kukwama kooni na kuzuia kubeua.

8. Maji yasikosekane. Katika kila lita 10 za maziwa, karibu lita 9 ni maji. Ng'ombe atoaye lita 10 kwa siku ahitaji madebe 3 au 4 ya maji, na wakati wa jua kali zaidi. Twajua taabu ya kuchota maji katika milima yetu, na twajua ya kuwa mzigo huo huwaangukia hasa akina mama na watoto. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye bati juu ya banda na aweke mfereji na pipa. Mvua ya usiku mmoja itawapumzisha watu wake siku kadhaa. Jiwe la chumvi la kulamba liwepo siku zote.

9. Ndama ana sheria yake. Akizaliwa, rumeni yake ni ndogo, haina kazi na haina wenyeji. Maziwa anyonyayo hupita katika mfereji maalumu mpaka chumba cha nne moja kwa moja. Apewe maziwa ya kwanza ya mama yake katika saa za mwanzo, maana yana kinga. Tangu wiki ya pili awekewe majani makavu laini kidogo na maji safi. Atachezea tu, lakini kwa kulambwa na mama na kuonja majani vijidudu huingia, na rumeni huanza kukua. Anyimwaye majani hata akawa mkubwa huachishwa maziwa akiwa na tumbo lisilojua kazi.

10. Ng'ombe mwenye mimba apumzishwe. Zimesalia siku 60 azae, aachwe kukamuliwa, na chakula chake kisipunguzwe kwa kuwa hatoi maziwa. Wiki za mwisho azoezwe pumba kidogo kidogo, ili vijidudu wawe tayari atakapozaa.

KIANGAZI

Mvua zetu ni mbili: Septemba hadi Desemba, na Machi hadi Mei. Kati ya Juni na Agosti ndipo ng'ombe wengi hukonda, na yule aliyezaa Mei hushindwa kushika mimba tena. Kiangazi si ajali, basi na tukihesabie mapema. Siku 90 kwa kilo 12 ni kilo 1,080 za chakula kikavu kwa ng'ombe mmoja. Ikiwa nusu yake itatoka katika majani mabichi machache, mashina ya migomba na majani ya miti ya mikunde, nusu ya pili ni kilo 540, nayo ni sawa na kilo 600 za majani makavu. Yakifungwa mafungu ya kilo 15, ni mafungu 40.

Majani hayo yakatwe mwezi Mei kabla hayajakomaa sana, yaanikwe siku 2 au 3 yakigeuzwageuzwa, yafungwe, na kuwekwa darini mbali na mvua. Mabua ya mahindi pia yakusanywe upesi baada ya mavuno. Mwenye mabingobingo mengi na ajaribu saileji: ayakate vipande, ayashindilie kwa nguvu katika shimo au mfuko mzito wa nailoni, na kuufunga hewa isiingie. Huko ndani yatachacha na kukaa miezi bila kuoza.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mfugaji asiye na mizani ana macho. Na atazame shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu: likiwa limebonyea sana, ng'ombe hakula, likiwa limevimba na kukaza, gesi imezuiwa. Na awatazame ng'ombe waliolala baada ya kula: walio wengi wawe wanacheua. Na atazame kinyesi: kikiwa kigumu chenye nyuzi ndefu, majani yamekomaa au maji hayatoshi, kikiwa chepesi chenye mapovu, wanga umezidi.

MBOLEA NA MNYAUKO

Kinyesi hicho ndicho uhai wa kibanja, nasi hatuna haja ya kuwafundisha watu wa Karagwe na Kyerwa faida ya mbolea katika migomba. Lakini liko onyo moja. Tangu mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliporipotiwa wilayani Muleba, mkoa wetu umepata hasara kubwa. Ugonjwa huu husafiri kwa panga na kwa vipande vya mgomba mgonjwa. Basi mtu asichukue mashina katika kibanja chenye mnyauko kulisha ng'ombe wa kibanja kizima, asije akanunua kikombe cha maziwa kwa bei ya shamba lake lote. Na panga lipitishwe motoni kabla ya kuingia shamba jingine.

MASWALI

Walimu waweza kuwauliza wanafunzi maswali haya, na wenyeviti wa vijiji waweza kuyauliza mkutanoni, hasa penye watu wanaongoja mitamba:

(1) Chumba cha kwanza cha tumbo la ng'ombe chaitwaje, nacho kiko ubavu upi?
(2) Ng'ombe hawezi kuvunja nyuzi za majani kwa nguvu zake mwenyewe. Nani humfanyia?
(3) Mate yana kazi gani, na chakula gani huyaleta kwa wingi?
(4) Jirani ana mabingobingo yaliyompita kimo. Akiyakata yote leo, atapata faida gani na hasara gani?
(5) Ng'ombe wako amekula ndizi mbivu mkungu mzima. Utafanya nini, na kwa nini usingoje asubuhi?
(6) Una ng'ombe 2. Piga hesabu ya mafungu ya majani makavu utakayohitaji kabla ya Juni.

Majibu yote yamo katika somo hili. Asiyeyaona na alisome tena. Naye aliyeyaona, akampigie hesabu ya swali la sita jirani yake asiyejua kusoma.